Sura ya Nne: Safura ya Watu Wazima

Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule za kisiwa cha Pemba. Wanafunzi 3,595 walitolewa damu, wakapimwa vinyesi, malaria na kimo. Zaidi ya sita katika kila kumi walikutwa na upungufu wa damu. Mtu aliyelelewa kisiwani hakushangazwa na hilo, maana mtoto mwenye macho meupe na pumzi fupi alikuwapo karibu katika kila nyumba. Jambo jipya lilikuwa hesabu ya sababu. Malaria ya Pemba siku zile ilikuwa kali, na mtu akiulizwa kwa nini watoto hawana damu alijibu malaria kabla swali halijaisha. Watafiti walipochambua takwimu zao waligundua kwamba kwa watoto waliopungukiwa damu vibaya kabisa, asilimia 73 ya upungufu ule ilitokana na minyoo ya safura. Malaria, minyoo ya mviringo na udumavu, kila kimoja kilibeba chini ya asilimia 10.

Asilimia 73 ni sehemu kubwa mno. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya watoto wale waliokuwa wakihema kupanda kilima cha kwenda shule walikuwa wakinywewa damu na mdudu anayekufa kwa kidonge cha bei ndogo kuliko daftari.

Kazi ile ya Pemba ilisaidia kuifikisha dawa ya safura shuleni, na ikawa heri. Tangu hapo mamilioni ya watoto wa Afrika Mashariki wamepanga foleni uwanjani, wamepokea kidonge kwa mwalimu na kukitafuna. Lakini kadiri nilivyosoma habari za mnyoo huu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tumeushika upande mmoja tu. Tumeifanya safura kuwa ugonjwa wa wanafunzi, na sehemu kubwa ya safura iko kwa mama zao na baba zao.

*

Mnyoo wa safura ni mdogo: urefu wake ni kama sentimita moja, na unene wake hauzidi uzi wa kushonea. Inayomwandama binadamu hasa ni aina mbili, Necator americanus na Ancylostoma duodenale. Necator ina mabamba ya kukatia mdomoni, Ancylostoma ina meno. Zote mbili hujinasa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, huukata, hutia kemikali inayozuia damu isigande, kisha hunyonya. Mnyoo ukihama kwenda kujinasa mahali pengine, kidonda ulichokiacha huendelea kuvuja kwa muda, kwa hiyo damu inayopotea si ile iliyonywewa tu.

Necator mmoja hupoteza damu ya mwenye mwili kwa kiasi cha mililita 0.03 kwa siku. Ancylostoma mmoja hufikia mililita 0.15 hadi 0.2. Ni vipimo vidogo mno, na ndiyo maana huwezi kuuona ugonjwa huu ukianza. Lakini chukua mtoto wa kilo 20 mwenye Necator 100. Mwili wake wote una damu ya lita moja na nusu hivi. Kila siku hupoteza mililita 3, na kwa mwezi mililita 90. Uboho wa mifupa hujitahidi kutengeneza damu nyingine, ila hauwezi kuitengeneza bila madini ya chuma, na chuma kinatoka kwenye chakula. Nyumba inayokula muhogo mchana na wali usiku, samaki akipatikana kidogo na nyama ikisubiri sikukuu, haina akiba ya kulipa deni la kila siku. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula nayo huzuia sehemu ya hicho chuma kidogo kilichomo. Miezi inapita, akiba inakwisha, ndipo damu yenyewe inaanza kushuka.

Pemba ina aina zote mbili za minyoo hii, na mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba watoto ambao Ancylostoma ilikuwa nyingi zaidi kwao walikuwa na hali mbaya zaidi ya damu kuliko wenzao wenye Necator, hata pale wingi wa mayai kwenye choo ulipokaribiana. Hapo utaelewa kwa nini watoto wawili wa mtaa mmoja, wote wakiambiwa wana safura, mmoja hucheza mpira na mwingine hulala kivulini.

Kuna jambo moja la tabia ya mnyoo huu ambalo ndilo nguzo ya sura hii. Mnyoo wa safura hauzaliani ndani ya mwili wa mtu. Unataga mayai humo, Necator mmoja wa kike yapata 10,000 kwa siku na Ancylostoma yapata 30,000, lakini hakuna yai linaloanguliwa tumboni. Yote hutoka na choo. Kwa hiyo mtu mwenye minyoo 200 aliingiwa na lava zisizopungua 200, kila mnyoo ukitoka nje ya mwili wake. Idadi iliyomo tumboni huonyesha jinsi ngozi yake ilivyogusana na ardhi iliyochafuliwa. Na mnyoo mmoja huweza kuishi miaka kadhaa. Nani basi anayejilimbikizia mingi? Ni yule aliyekanyaga udongo kwa miaka mingi zaidi.

Hapa ndipo safura inapoachana na wenzake. Minyoo ya mviringo, ile mirefu ambayo mtoto huitoa na mama akapiga kelele, na minyoo mjeledi inayokaa utumbo mpana, yote huingia kwa mdomo, kwa vidole vichafu na mboga isiyooshwa, na hufikia kilele chake utotoni. Safura huongezeka mtu anavyokua, na mara nyingi hubaki juu katika umri wa kulima, wa kuoa na wa kuzaa.

*

Tuifuate njia yake mahali inapopita kweli. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Juu kuna mikarafuu, minazi na mihogo, chini kuna mpunga. Mvua ni nyingi, kivuli ni kingi, udongo haukauki upesi. Mama ametoka nyumbani alfajiri kwenda bondeni kupalilia. Nyumbani kwake kuna choo, amekichimba mumewe, kina mlango wa bati. Bonde liko mbali, na haja haingoji. Anajisogeza kwenye vichaka vya ukingoni, anamaliza, anafunika kwa majani, anarudi kwenye mstari wake.

Chini ya majani yale, penye unyevu na joto, mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Lava inayotoka hula bakteria waliomo kwenye kinyesi na udongo, hukua, hujivua ngozi mara mbili, na baada ya siku tano hadi kumi huwa tayari. Kuanzia hapo haili tena. Huishi kwa akiba iliyojiwekea, na huweza kungoja wiki tatu au nne. Jua kali likiipiga hufa. Ardhi ikikauka kabisa hufa. Ardhi ikibaki mbichi hupanda juu ya chembe za mchanga na kwenye ncha za nyasi, na hapo hungoja joto la mwili.

Anayefuata anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa mwanawe aliyemletea chakula bondeni, anaweza kuwa yeye mwenyewe wiki ijayo. Unyayo unakanyaga. Lava hupenya ngozi laini iliyo kati ya vidole, na kinachosikika ni mwasho na vipele vidogo vinavyokwisha bila dawa. Nani atakwenda kituo cha afya kwa mwasho wa vidole? Lava hufuata mishipa ya damu mpaka kwenye moyo, kisha mapafuni. Huko hutoboa vifuko vya hewa, hupanda njia ya pumzi hadi kooni, na mtu huimeza pamoja na mate au kohozi. Ndipo hushuka tumboni na kufika utumbo mwembamba, hujinasa, hukomaa, na baada ya wiki kadhaa mayai huanza kutoka. Ancylostoma huweza pia kuingia kwa mdomo, lakini mlango mkuu wa safura ni mguu.

Njia hii ndefu, kutoka kidole cha mguu hadi utumbo kupitia mapafu, haikukisiwa na mtu. Angelo Dubini aliuona mnyoo wenyewe Milan mwaka 1838, alipopasua maiti ya msichana wa shamba, na mwaka 1843 akauandikia na kuupa jina. Lakini wengi hawakuamini kwamba mdudu mdogo kiasi kile aweza kumfanya mtu mnyonge. Iliyowaamsha Wazungu ni reli. Tangu 1872 wafanyakazi, wengi wao Waitaliano, walikuwa wakichimba njia ya treni ya kilomita 15 chini ya mlima Gotthard huko Uswisi. Ndani ya shimo kulikuwa na joto kama la pwani yetu, maji yalitiririka, na wachimbaji walijisaidia humo humo walimofanyia kazi. Walianza kupauka, kuvimba miguu, kushindwa kunyanyua sururu. Mwaka 1880, mwaka ambao pande mbili za shimo zilikutana, Edoardo Perroncito wa Turin aliikuta minyoo ya safura kwa wachimbaji hao. Ugonjwa wa nchi za joto ulikuwa umestawi chini ya theluji, kwa sababu udongo, joto, unyevu na kinyesi vilikuwa vimekutana mahali pamoja.

Suala la ngozi lilifumbuliwa Misri, na lilifumbuliwa kwa bahati. Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifanya utafiti Kairo mwishoni mwa miaka ya 1890, alijimwagia mkononi maji yenye lava alizokuwa akizikuza. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Alipoyapima yale maji yaliyobaki juu ya ngozi aliona lava zimetoweka. Akaanza kupima choo chake mwenyewe, na baada ya muda mayai yakaonekana. Wenzake walimbishia miaka kadhaa kabla ya kukubali.

*

Wapo wanaosema pipi na sukari nguru huleta minyoo. Havileti. Mama aliyemnyima mtoto pipi kwa sababu nyingine amefanya vyema, lakini kama anataka kuzuia safura atazame miguu ya mtoto na mahali majirani wanapojisaidia. Wapo pia wanaosema wajawazito wanaokula udongo hujiletea safura wenyewe, na kwa sababu hiyo huwagombeza. Jambo hili lilichunguzwa Pemba kwenyewe, na matokeo yaliyochapishwa 2007 hayakuona uhusiano wowote kati ya kula udongo na kuambukizwa safura au mijeledi. Udongo unaoliwa kwa kawaida huchimbwa chini, hukaushwa, wengine huuchoma. Mjamzito anayetamani udongo mara nyingi ni mjamzito ambaye damu yake imepungua tayari. Badala ya kugombezwa angepaswa kuambiwa: twende tukapime damu.

Kupima safura yenyewe ni kazi ya subira, na nataka msomaji aione, kwa sababu takwimu nyingi za sura hii zimepitia humo. Pemba ina maabara ya afya ya jamii pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Mtaliano Ivo de Carneri, bingwa wa vimelea. Maabara hiyo ndiyo imeifanya Pemba kuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana duniani kwa minyoo ya tumbo. Njia inayotumika zaidi inaitwa Kato-Katz. Mtaalamu huchukua kinyesi kidogo, hukikandamiza kwa wavu laini ili makapi yabaki nyuma, kisha hukijaza kwenye tundu la kibao maalumu. Tundu hilo huchukua miligramu 41.7, si zaidi. Kibao kinaondolewa, kinachobaki juu ya kioo hufunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini na rangi ya kijani, kinakandamizwa hadi kitandazike, kisha kinawekwa chini ya hadubini. Mayai huhesabiwa moja moja, na idadi huzidishwa mara 24 kupata mayai kwa kila gramu. Kuanzia 4,000 kwa gramu, mgonjwa huwekwa kundi la walio na safura kali.

Tatizo la yai la safura ni ganda lake jembamba. Gliserini ileile inayoondoa ukungu wa kinyesi ili mayai yaonekane, ikiachwa ifanye kazi kupita saa moja, huyafuta mayai ya safura yasionekane tena. Mijeledi na minyoo ya mviringo hubaki, safura hutoweka. Kwa hiyo kioo kilichoandaliwa asubuhi kijijini kikapakiwa kwenye gari kwenda kusomwa mjini jioni kitasema mtu huyu hana safura. Wataalamu wanaoijua kazi hubeba hadubini hadi shuleni, hukaa chini ya mwembe au darasani, na kusoma kila kioo ndani ya nusu saa au saa moja. Ukiona takwimu ya safura iliyo chini mno mahali penye mabonde na mvua, uliza vioo vilisomwa saa ngapi.

*

Dawa ni mbili, na karibu kila mzazi anazijua kwa sura kama si kwa jina: albendazole ya miligramu 400 na mebendazole ya miligramu 500. Kidonge kimoja, mara moja. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuwafikia walau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari ifikapo 2010. Lengo halikufikiwa kwa wakati huo, lakini mwaka 2012 watengenezaji wakubwa wa dawa hizi walijifunga mjini London kuendelea kuzitoa bure kwa wingi, na mwaka huohuo Kenya ikaanza mpango wake wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni. Shule ilichaguliwa kwa sababu ya maana: watoto wako pamoja, mwalimu yupo, orodha ya majina ipo.

Kazi hiyo ilizaa matunda, na Pemba ndiko ilikopimwa mapema. Kwa makadirio yaliyochapishwa 1998, katika kundi la wanafunzi 30,000, mpango wa dawa shuleni ulizuia ndani ya mwaka mmoja visa 1,260 vya upungufu wa damu wa wastani hadi mkali, na kati ya hivyo 276 vilikuwa vikali. Watoto 276 ni madarasa sita au saba yaliyojaa. Niliposoma idadi hiyo sikutaka tena kusikia mtu akiuita mpango wa vidonge jambo dogo.

Pamekuwa na ubishi mrefu kuhusu dawa za minyoo na masomo. Mradi ulioanza 1998 katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba utoro ulipungua sana pale dawa zilipotolewa, na mmoja wa waliouongoza, Michael Kremer, ni miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi zao za kupambana na umaskini. Wengine wamezirudia hesabu zile na kusema faida ya masomo haionekani mahali pengi. Mimi naona ubishi huu umepewa nafasi kubwa mno. Anayenyonywa damu anastahili dawa hata kama hatapata alama moja zaidi katika hesabu.

Lakini vidonge vina mipaka yake. Matokeo ya Pemba ya 2003 yalionyesha kwamba baada ya miaka ya kutumia mebendazole peke yake, dozi moja ilipunguza mayai ya safura kwa takriban nusu tu, chini ya ilivyokuwa kabla ya kampeni kuanza. Mijeledi nayo ni ngumu zaidi: katika jaribio lililofanywa Pemba na kuchapishwa 2014, albendazole peke yake iliwaponya kabisa watoto wasiofika 3 katika kila 100. Ilipochanganywa na ivermectin, matokeo ya 2022 yalikuta karibu nusu ya wagonjwa wa Pemba wamepona mijeledi. Tangu hapo kidonge kimoja chenye dawa zote mbili kimejaribiwa Ethiopia, Kenya na Msumbiji, na mwanzoni mwa 2025 kikapata kauli njema ya mamlaka ya dawa ya Ulaya. Ni habari njema, nami naifurahia. Lakini hata kidonge kilicho bora kabisa hakimfikii mtu ambaye hakualikwa kwenye foleni.

*

Kati ya 2015 na 2017, Kwale kwenye pwani ya Kenya ilifanyika kazi ambayo kwangu mimi ndiyo iliyotoa jibu wazi kuliko zote. Iliitwa TUMIKIA. Jamii 120 ziligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza liliendelea kama kawaida: dawa kwa watoto, mara moja kwa mwaka, kupitia shule. Kundi la pili lilipewa dawa nyumba kwa nyumba, wakubwa kwa wadogo, mara moja kwa mwaka. Kundi la tatu, nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka.

Baada ya miaka miwili walipima safura kwa watu wa rika zote. Pale dawa zilipopitia shuleni tu, walioambukizwa walishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Pale zilipotolewa nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, walishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Pale zilipotolewa mara mbili, kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Dawa ni ileile, kaunti ni ileile, mvua ni ileile. Tofauti ni kwamba mama na baba nao walimeza.

Maelezo yake tumeshayaona. Mtoto anayepewa kidonge shuleni hurudi nyumbani kwa watu wazima ambao wamebeba minyoo ya miaka mingi na ambao kila siku hurudisha mayai kwenye ardhi anayoikanyaga. Unamsafisha mtoto, unaiacha ardhi. Baada ya miezi michache ameingiwa tena.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito kuliko hesabu ya maambukizi, nayo ni mwanamke mwenyewe. Kila mwezi hupoteza damu. Akishika mimba, mtoto aliye tumboni huchukua chuma chake. Akijifungua huvuja. Mwanamke aliyeingia chumba cha uzazi akiwa na damu ya kutosha huweza kustahimili kupoteza nusu lita. Aliyeingia akiwa amepauka, kiasi hichohicho huweza kumuua. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mahali ambapo safura na upungufu wa damu vimeenea, wajawazito wapewe albendazole au mebendazole baada ya miezi mitatu ya kwanza, na kliniki zetu za wajawazito zinayo dawa hiyo kwenye utaratibu wao. Muuguzi humwambia mama avute kope la chini, hutazama wekundu wake, humpa vidonge vya kuongeza damu na kile kimoja cha minyoo. Ni huduma njema. Lakini inamsubiri mwanamke ashike mimba kwanza, na wengi hufika kliniki mimba ikiwa imekua sana. Msichana aliyemaliza darasa la saba ametoka kwenye orodha ya mwalimu na hajaingia kwenye orodha ya muuguzi. Katikati hapo kuna miaka mitano, sita, kumi ya kulima, na hakuna anayemwuliza habari ya minyoo.

Mwanamume yeye hana orodha kabisa. Mfyatua matofali, mchimba visima, mpalilia mpunga: hakuna kliniki inayomwita, na wengi huona dawa ya minyoo ni ya kitoto.

*

Kusini mwa Marekani kuliwahi kuwa kama kwetu. Mwaka 1909 John D. Rockefeller alitoa dola milioni moja kupambana na safura katika majimbo ambako karibu watoto 4 katika kila 10 waliopimwa walikutwa nayo. Charles Stiles, aliyeieleza Necator kisayansi mwaka 1902, alizunguka mashambani akihubiri choo. Laki kadhaa za watu walitibiwa kwa dawa kali ya thymol. Wengi waliambukizwa tena, na safura haikuondoka mpaka vyoo, viatu na nyumba bora vilipoenea katika miongo iliyofuata. Jambo hili hutajwa kila mara, na jibu letu la kila mara ni kuhesabu kaya zenye choo. Kaya zenye choo zinaongezeka, na hilo ni jema.

Nami nauliza kuhusu choo cha bondeni. Mkulima wa mpunga hushinda kutwa mbali na kile choo kilichohesabiwa nyumbani kwake. Viatu havimsaidii, kwa kuwa hapandi mpunga kwa viatu, matope huvivua. Kwa hiyo mahali ambapo ngozi na udongo mbichi vinakutana kwa saa nyingi zaidi ndipo pasipo na choo, na hakuna fomu ya sensa inayoliuliza hilo. Dawa ya nyumba kwa nyumba ya Kwale inaonyesha kwamba tukiwafikia watu wazima safura hushuka upesi. Lakini mkulima yuleyule aliyepona kwa kidonge atarudi bondeni kesho yake, na kichaka ni kilekile.

Choo cha ukingoni hakihitaji fedha za wafadhili. Kinahitaji shimo, miti, makuti na maji ya kunawa. Ugumu wake uko kwingine. Bondeni maji yako karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo shimo likichimbwa chini hujaa na kumwagika mvua ikinyesha, na kazi yote huwa bure. Lazima kichimbwe juu, kwenye mteremko mkavu, na mteremko huo una mwenyewe, mara nyingi mwenye mikarafuu ambaye halimi mpunga. Nani atatoa hatua kumi za ardhi yake kwa ajili ya wakulima wa bonde zima, na nani atakifagia na kukihamisha kikijaa? Hilo ni la sheha (kiongozi wa mtaa), wenye mashamba na wakulima wenyewe kukaa na kukubaliana kabla ya masika, wakati watu bado hawajashuka bondeni.